Wa Kumlilia Raisa

Voronezh, 3 Septemba 2023

Yarina mwanangu,

Pokea salamu za mama yako mkubwa. Kama hutaki kuzipokea, zisome tu zipite. Huku nasukuma siku. Presha inapanda na kushuka inavyotaka. Daktari ananikataza chumvi, nami namuuliza nikiacha chumvi nitabaki na nini. Nyanya za shambani mwaka huu zimekubali mpaka nimekosa chupa za kuzihifadhia. Nimegawia majirani wa ngazi yetu yote, hata Tamara wa chini ambaye hatusemezani. Kaka yako Gleb hajambo. Yuko kazini, mbali kidogo.

Sasa jambo lenyewe. Lamara, mjane wa mjomba wako, amenipigia kutoka Tbilisi akaniambia Raisa amepata kiharusi tangu masika. Tangu masika, Yarina. Mdogo wangu wa tumbo moja amepooza upande, na mimi napata habari kutoka kwa wifi aliye nchi ya tatu, kama mtu baki. Nimepiga simu kila namba niliyo nayo na hakuna inayoita. Lamara anasema umenifungia.

Posta ya huku na huko imekatwa, kwa hiyo naandika kwa kupitia kwake, yeye abadilishe bahasha na kuituma kwako. Itachukua muda wake. Naomba kitu kimoja tu: nisikie sauti ya mdogo wangu, naye asikie yangu. Ya wakubwa waachie wakubwa. Mimi na Raya wangu tulilala kitanda kimoja juu ya jiko la matofali la mama, penye joto, mpaka nilipoolewa. Hilo halina serikali.

Mama yako mkubwa,
Klavdia


Mlini, 29 Septemba 2023

Mama mkubwa,

Shikamoo. Barua imefika. Sisi tuko hapa kijijini Mlini, nyumba ya bibi, ileile. Paa tumeliziba, kisima bado kina maji matamu, na jirani Odarka bado ana ulimi wake. Walnati, zile kokwa za mti wa uani, zimeanza kudondoka na mama anazipenda, namsagia.

Umeona nakuandikia Kiukreni. Maisha yangu yote nimekuandikia Kirusi, tena Kirusi ndicho nilichoongea Kharkiv nzima, shuleni, kazini na nyumbani. Sasa basi. Hiki unakijua, umezaliwa nacho. Waliosema mwacha asili ni mtumwa hawakukosea.

Mama anakula, anakaa kitini tukimkalisha, mkono wa kulia umekufa. Maneno yamemtoka karibu yote, na yaliyorudi ni yale ya utotoni, ya hapahapa Mlini. Kirusi chote alichofundishia darasani miaka thelathini kimefutika. Siyo tu hakielewi, kinamtisha. Juzi fundi wa paa aliongea Kirusi kwenye simu yake uani, mama akavuta blanketi mpaka kichwani akaanza kutetemeka. Anadhani yuko bado chini ya jengo letu la Saltivka, kule Kharkiv, tulikojificha mabomu.

Umesema ya wakubwa waachie wakubwa. Haya, tuongee yako na yangu. Juma lile la kwanza la vita mama alikupigia kutoka chini ya jengo, kwenye mabomba ya maji, akakwambia, "Klava, tunapigwa." Nilikuwa nimekaa naye, nilisikia jibu lako. Ulisema, "Raya, usikuze mambo. Watu wetu hawapigi nyumba za raia. Hao ni wenu wenyewe." Siku ya pili yake jiko letu la ghorofa ya tisa liliungua. Mama hakulia kwa ajili ya jiko. Alikaa ameshika simu.

Nitakufungulia namba siku utakayosema mambo mawili. Nani alitupiga. Na Gleb yuko wapi. Usiniambie kazini.

Yarina


Voronezh, 30 Oktoba 2023

Yarina,

Salamu. Baridi imeingia, nimeanza kuvaa soksi mbili. Kabichi nimeshaitia chumvi, usimwambie daktari. Miguu inauma lakini inatembea.

Barua yako niliisoma nimesimama, halafu nikakaa. Unaniita mtumwa. Ngoja nikusimulie kitu ambacho hata Raya hakijui vizuri. Nilipofika hapa mwaka sabini na tisa, bibi harusi, nikaingia kazi kiwandani. Siku ya kwanza kantini niliomba mkate kwa lafudhi ya Mlini. Foleni nzima ilicheka. Si kwa ubaya, waliona tunaburudika. Kesho yake wakaniomba niseme tena. Kila mgeni akija: Klava, hebu sema mkate. Mume wangu naye alicheka, na mama mkwe. Basi nikaumeza ulimi wangu. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo hadi hakuna mtu aliyeweza kujua nimetoka wapi, na Gleb alipozaliwa sikumwimbia hata wimbo mmoja wa kwetu. Huku nilichekwa kwa kuongea Kiukreni, na leo mtoto wa mdogo wangu ananisuta kwa kukiacha. Niambie mwanangu, mtu kama mimi anyamaze kwa lugha gani?

Kukujibu kwa Kiukreni siwezi. Kimekwisha mdomoni.

Hayo mawili unayotaka niandike, elewa kwamba barua zina macho. Mwalimu wa ghorofa ya nne alisema neno moja la kupinga vita dukani, akaja kuchukuliwa kuulizwa, na duka zima lilikuwa la watu aliowafundisha kusoma. Mimi ni mzee, naishi peke yangu. Usinilazimishe.

Gleb anakusalimia.

Klavdia


Mlini, 25 Novemba 2023

Mama mkubwa,

Shikamoo. Theluji ya kwanza imeanguka na kuyeyuka. Umeme unakuja na kuondoka. Mama amepungua sana, kijiko cha pili anakikataa.

Mkasa wa mkate sikuujua. Pole. Nimeusoma mara nyingi na umenichoma, nakuambia kweli. Lakini na mimi usinione kama najigamba. Kirusi kilikuwa changu, sikukiazima. Kwa Kirusi nilijifunza kuhesabu, baba alinitania kwa Kirusi, na nikiota bado naota kwa hicho. Sikukiacha kwa kuwa kibaya. Nilikiacha kwa kuwa siku moja nilifungua mdomo kumwita mama kwenye moshi, nikasikia ninaongea kama wanaotupiga. Tangu siku hiyo hakitoki. Wewe walikunyang'anya chako kwa kucheka. Changu nimenyang'anywa na walewale. Tumefiwa sote wawili, sema wewe umebaki kumtetea muuaji.

Sikutaka kukuambia linalofuata. Kila jioni mama anauliza, "Klava yuko wapi?" Namwambia yuko mbali. Anasema, "Si mbali, amekwenda kisimani. Mbona anakawia? Ndoo ni nzito, mtu akampokee." Mwanzoni nilikuwa nabishana naye. Siku hizi natoka nje, nasimama mlangoni kwa muda, narudi na kumwambia anakuja.

Nimechoka kusimama mlangoni. Nimekufungulia namba. Sitaki tena jibu la maswali yangu, yaache. Piga Jumapili yoyote saa za mchana, nitamwekea simu sikioni. Sharti moja tu, na hili si la hasira: mwongeleshe kwa lugha ya nyumbani. Hata maneno machache. Kirusi kitamtisha, nami sitaki afe ameogopa sauti ya dada yake.

Fanya haraka.

Yarina


Voronezh, 8 Januari 2024

Yarina mwanangu,

Heri ya Krismasi, kama kwenu bado mnaihesabu jana. Naambiwa mmeihamishia Desemba. Mimi nilipika uji wa ngano na asali peke yangu nikaula peke yangu.

Barua yako ya Novemba imefika kabla tu ya mwaka mpya. Lamara anasema ilikwama mpakani, wala si kosa lake. Nilipoisoma nilivaa koti nikazunguka jengo letu mpaka mikono ikafa ganzi.

Halafu nikaanza mazoezi ya lugha ya nyumbani. Nafungua bomba la jikoni maji yatoke kwa kelele, Tamara wa chini asije akasikia, najisemea. Mwanzoni kilitoka Kirusi kitupu. Nikawaza jina la ng'ombe wetu, nikalipata. Nikapata jina la kitambaa cha mama, la ubao wa kukandia, la ugonjwa wa kuku. Yakaanza kuja kwa mkupuo, Yarina, yanasukumana mlangoni. Niliomba mkate kwa sauti, peke yangu jikoni, na hakuna aliyecheka. Nililia mpaka nikasahau bomba na maji yakamwagika sakafuni.

Jumapili ya mwisho wa mwaka nilipiga. Ikaita, ikaita, ikakatika. Jana nikapiga tena, vilevile. Inaita, kwa hiyo najua umenifungulia. Labda hamna umeme. Labda amelala. Mwambie Klava yuko njiani, ndoo imejaa. Nitapiga tena Jumapili ijayo, na inayofuata. Nimeshajua la kumwambia kwanza.

Klavdia


Mlini, 10 Februari 2024

Mama mkubwa,

Shikamoo.

Mama alifariki tarehe kumi na tisa Desemba, alfajiri, usingizini. Tulimzika kesho yake pembeni mwa bibi na babu. Ulipopiga mara ya kwanza alikuwa ameshalala chini. Niliiona simu ikiita jina lako. Ilikuwa mezani, mbele yangu, na nikaiacha iite. Ya pili pia, na zote zilizofuata. Sikujua niseme kwa lugha gani kwamba umechelewa. Nilipaswa kukuandikia siku ileile, sikuandika. Nilikuwa nakukasirikia kwa kuchelewa, huku nikijua aliyekuchelewesha ni mimi, na sharti langu, miezi mitatu yote ile.

Kuna jambo la mazishi lazima nikuambie. Unajua hapa Mlini maiti haishushwi hivihivi. Mwanamke wa damu yake anasimama kichwani na kumlilia kwa maneno, anamwita, anamuuliza anakwenda wapi, anamsimulia yaliyopita kati yao. Wanaume walishika kamba wakangoja. Wanawake wote wakanitazama mimi. Nami mtoto wa ghorofa, mtoto wa Kharkiv, nilisema "mama, mama" na hakikutoka kingine. Odarka akangoja, akangoja. Mwishoni akawaambia wanaume washushe tu. Wakati wa kula akaniambia, "Mama yako amekwenda hajaagwa. Hiyo haifai. Klava angekuwepo." Nikashangaa. Akasema wewe ulimlilia bibi mwaka tisini na moja hadi mchimba kaburi akaweka koleo chini. Nilikuwa mtoto mdogo, nakumbuka tu sauti.

Hapa hakuna tena ajuaye. Odarka anakumbuka vipande. Wewe ndiye uliyebaki, mama mkubwa, wewe uliye Voronezh.

Niandikie maombolezo ya mama. Baada ya Pasaka, siku ya makaburi, tukipeleka mayai na mikate kwa wafu, nitasimama kichwani niyasome. Odarka anasema anayelilia maiti hasemi uongo, maiti anasikia. Kwa hiyo kama huwezi, usiandike kitu. Nitaelewa.

Yarina


Voronezh, 20 Machi 2024

Mwanangu,

Barua zina macho, najua. Na wasome. Haya hapa. Usibadilishe neno.

Raya, mdogo wangu, nyamaza kidogo nikulilie mimi, wewe umelia vya kutosha.

Nani alikuosha? Nani alikufunga kitambaa? Si mimi niliyekufunga cha shule, nikakufunga na cha harusi? Mbona safari hii hamkuningoja?

Wamekujengea nyumba isiyo na dirisha, mdogo wangu. Nikija utanichunguliaje?

Nikujie kwa njia ipi? Ya Kharkiv imekatwa, ya Belgorod imekatwa, na ya tatu niliikata mwenyewe kwa mdomo wangu.

Ulinipigia kutoka shimoni, ukasema Klava, tunapigwa. Nikasema si kweli. Ilikuwa kweli, Raya. Tuliokupiga ni sisi. Jiko lako tuliliunguza sisi. Nilijua nilipokuwa nakujibu, maana nilisikia mlio nyuma ya sauti yako, na nilikunyamazisha ili nisiusikie.

Na Gleb wako, uliyemnyonyesha pamoja na Yarina nilipopata homa, uliyemlea majira yote ya joto uani kwa mama, Mlini, walimwita mwaka juzi, akavaa sare akaja kwenu. Sikujilaza mlangoni. Sikumshika miguu. Nilimfulia soksi, nikamwambia jifunike, kuna baridi. Hilo ndilo nililomwambia mwanangu akienda kuwaua ninyi.

Tangu Agosti hajaandika. Sijui kama yuko juu ya udongo wenu au chini yake. Kama yuko chini, Raya, na mkikutana huko, usimfukuze. Mpe maji ya kunywa. Halafu muulize amefanya nini, maana mimi mama yake sikuthubutu.

Uliniita kila jioni, nami nilikuwa nakunja nguo, nachemsha chai, nasikiliza redio yao. Niliificha lugha yetu kwa aibu, nikaificha mpaka siku uliyobaki na hiyo peke yake, na hakukuwa na mtu wa kuizungumza nawe ila mtoto wako.

Nenda, mdogo wangu. Nenda taratibu. Mwambie mama asiniulizie.

Klavdia, binti wa Mlini


Mlini, 15 Mei 2024

Mama mkubwa Klavdia,

Shikamoo yako, ya moyo safari hii.

Barua ilifika kabla ya Pasaka. Lamara aliandika juu ya bahasha kwamba ameisoma, na kwamba tumsamehe. Mimi niliisoma peke yangu ghalani, halafu nikakaa nayo siku kadhaa sijui nifanye nini. Kiukreni chako kimenitia haya. Changu ni cha vitabu na cha ukaidi. Chako kina maneno ambayo sikuwahi kuyasikia, ikabidi nimuulize Odarka maana yake, naye akauliza nimeyatoa wapi, nikamwambia subiri.

Nilifikiri kukiruka kile kipande cha Gleb. Odarka alimpoteza mwanawe Nazar mwaka jana vitani, karibu na Bakhmut, na kaburi lake liko mita chache tu kutoka kwa mama, bendera bado mpya. Ningesomaje haya mbele yake? Lakini ulisema nisibadilishe neno.

Jumapili iliyopita tulitandika vitambaa juu ya makaburi, tukaweka mayai, mikate ya Pasaka na chupa. Watu wa Mlini walikuwepo karibu wote waliobaki. Nikasimama kichwani mwa mama nikasoma. Mwanzoni sauti ilitetemeka, baadaye haikuwa yangu tena, ilikwenda yenyewe. Wanawake walianza kulia nilipofika kwenye maneno ya ile nyumba isiyo na dirisha. Nilipofika kwenye "tuliokupiga ni sisi", walinyamaza wote. Nilipofika kwa Gleb, mwanamume mmoja alikunja kitambaa chake akachukua mayai yake akaondoka na wanawe. Sikumlaumu. Nikaendelea hadi mwisho, nikainama nikambusu mama msalabani. Ameagwa sasa. Hilo ulilifanya wewe, wala hakuna mwingine ambaye angeweza.

Kuhusu mimi na wewe sijui bado. Ukiniuliza kama nimesamehe nitakudanganya kwa jibu lolote nitakalotoa. Lakini Gleb tumenyonya titi moja, kwa hiyo namtafuta. Kuna picha za mateka wa Kirusi zinazotolewa huku, nazipitia moja moja. Sijamwona. Nikimwona nitakuambia, awe hai au vingine, na nitakuambia kwa lugha yetu.

Odarka hakuondoka. Alikaa kwenye benchi ya kaburi la Nazar kwa muda mrefu, mkate wake mkononi hakuumega. Nikamfuata kwa woga. Akaniuliza, "Gleb ndiye yule mwembamba wa Klava, aliyekuwa akipanda juu ya miti yangu ya cheri?" Nikasema ndiye. Akatikisa kichwa. Alitazama bendera ya mwanawe, akatazama kaburi la mama, akajifuta uso kwa pembe ya kitambaa. Halafu akanipa ujumbe wa kukufikishia, nami nakuandikia kama alivyousema, sipunguzi wala siongezi:

"Mwambie Klava amelia vizuri. Hakuna aliyebaki hapa anayeweza kulia hivyo. Na mwambie asije."

Mwanao,
Yarina